Pimamaji Lililosafiri Juu ya Injini

Siku tatu nilikosa usingizi kwa sababu ya kipovu cha hewa kisichozidi punje ya mtama. Kilikuwa ndani ya pimamaji langu, chombo cha kupimia usawa, na swali lililonikosesha raha lilikuwa moja tu: kati yangu na kile kipovu, nani muongo?

Ninyi mnaojifunza kuweka vigae leo mtacheka. Mna chombo kinachopiga mstari mwekundu ukutani, mna gundi ya mifuko, mna masanduku yenye magurudumu. Chekeni, sina nguvu ya kuwazuia. Magoti yangu yote mawili nimeyaacha kwenye sakafu za watu, na siku hizi nikitaka kuinuka kwenye kiti nahesabu kwanza hadi tatu. Lakini mliniuliza tulivyokuwa tukitunza na kusafirisha vifaa vyetu zamani, na kila nikikaa kuandika, kalamu inarudi kwenye kipovu kile. Basi nianzie hapo.

Nilikuwa kijana mwenye cheti kipya cha ufundi, Mzaramo wa Kisarawe, nimepangiwa kazi Tabora miaka ile ambayo kila kijiji cha ujamaa kilikuwa kinajenga ghala, shule au zahanati. Nilikuwa mtu wa kuwaza. Nikifunga mlango nilirudi kuutikisa, na nikifika barabarani nilijiuliza kama niliutikisa sawasawa. Chuoni walimu walidhani huo ni umakini, wakanisifu. Ulikuwa woga, nao ulivaa nguo za umakini zikaukaa vizuri.

Nilishuka kwenye treni na sanduku la bati nililolitengeneza kwa mikono yangu. Ndani nilikuwa nimeligawa kwa vipande vya mbao, kila kifaa na chumba chake, na kila chumba nimekiandika kwa rangi nyeupe: MWIKO, TIMAZI, TINDO, KOLEO. Upande wa ndani wa kifuniko nilibandika orodha ya vifaa vyote. Asubuhi na jioni nilikuwa nakagua: kipo, kipo, kipo. Pimamaji lilikuwa la mbao ngumu, urefu wa mkono, nimelichonga jina langu ubavuni.

Fundi wa vigae wa kikosi chetu cha ujenzi alikuwa Mzee Luhende, Mnyamwezi mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kukoroma. Alinikuta bohari nimesimama kando ya sanduku langu kama askari.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe ndiye Mzaramo?”

“Ndiye.”

“Na hilo jeneza? Umekuja na maiti yako au unategemea kuipata hapa?”

Watu wa bohari walicheka hadi mmoja akakaa chini. Sikununa, kwa sababu isingefaa. Wanyamwezi na sisi watu wa pwani ni watani tangu enzi za misafara, tangu babu zao walipokuwa wakishusha pembe za ndovu Bagamoyo na kupita kwetu. Mtani akikusema hukasiriki. Akichukua kitu chako hulalamiki. Unakikomboa kwa kitu kidogo, mnacheka, yameisha. Anayemkasirikia mtani huonekana hakulelewa.

Luhende mwenyewe hakuwa na sanduku. Alikuwa na kilindo: chombo cha mviringo cha gome la mti, kimeshonwa kwa kamba za gome, kina kifuniko chake, kama vile ambavyo wakulima walihifadhia nafaka. Alitengenezewa na mrina asali wa Ipole, kwa gome lilelile wanalotengenezea mizinga. Nilikidharau. Nilimwona kama mtu anayekuja kazini na gunia la babu yake, na kweli maarifa yake mengi yalikuwa ya babu yake, aliyekuwa mpagazi.

Hayo maarifa nawapa kama alivyonipa, bila mpangilio, maana hakuwahi kukaa akanifundisha. Alikuwa anafanya, mimi natazama, kisha ananitukana.

Mwiko hauwekwi na unyevu. Unaoshwa, unafutwa, unasubiriwa ukauke kabisa, kisha unapakwa nta ya nyuki kidogo tu, kiasi cha kufanya kidole kiteleze. Mafuta ya mashine huvuta vumbi, na vumbi la Tabora likishikana na mafuta linakuwa msasa. Nta hailiruhusu kukaa. Kalamu ya kukatia vigae, ile yenye ncha ngumu, inachomekwa kwenye gunzi la mahindi, maana ncha yake ikigonga chuma kingine mara moja, kuanzia siku hiyo itakukwaruzia tu, haitakata. Koleo la kung'ata vigae linafungwa mdomo kwa kitambaa. “Mdomo wazi njiani hula wenzake,” alisema Luhende. Uzi unazungushwa kwenye kijiti ukiwa mkavu.

Na vitu havipangwi kwa uzuri. Vinapangwa kwa namna vitakavyotoka. Kizito chini, kitakachoanza kazi juu, na pimamaji linasimama wima katikati, limevikwa kipande cha gunia, lisiguse chuma chochote. Mimi sanduku langu lilikuwa zuri kulitazama. Likitikiswa lilikuwa linalia kama ngoma, maana kila chumba kilikuwa kipana kidogo kuliko kifaa chake. Niliacha nafasi hiyo makusudi, vidole vipate pa kuingia. Chuoni nilipewa alama za juu kwa wazo hilo.

Luhende alikuwa na sheria moja ngumu kuliko zote: kifaa chake hakiazimwi na mzigo wake haufungwi na mwingine. Ukinyoosha mkono kwenye kilindo, anakifunika kwa kofia yake.

Safari yetu ya kwanza pamoja ilikuwa kwenda kijiji kimoja cha ujamaa mbele ya Ipole. Jina lake sitalitaja, watu wake bado wapo na hawakunikosea. Zahanati yao ilikuwa imefika kwenye sakafu, na chumba cha kuzalia kilitakiwa kiwekwe vigae, ili kioshwe kwa maji mengi. Tulipakia vigae vyekundu vilivyokuja kwa treni, mifuko ya saruji na vifaa. Lori lilikuwa la zamani, la aina ile ambayo injini imo ndani ya kichwa, katikati ya dereva na abiria, imefunikwa kwa kifuniko cha chuma kinachochemka kama kikaango.

Mzee alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma juu ya saruji. Tulipofika maeneo ya Itetemia, mji bado hatujauacha vizuri, akagonga mlango lori lisimame.

“Shuka, mtani, tufunge upya.”

“Mbona tumefunga sasa hivi, mzee?”

“Kamba ilikuwa bado haijajua safari. Sasa imejua, imelegea. Babu zangu siku ya kwanza hawakulala mbali na mji. Walikuwa wanatembea kidogo, wanaweka kambi, wanaangalia nani kafunga vibaya na nani kasahau chungu. Anayekwenda mbali anasimama karibu.”

Hilo lishikeni hata kama mengine mtayasahau. Baada ya mwendo mfupi simama, kaza kamba. Mimi nimebeba vifaa kwa baiskeli, kwa treni ya Mpanda, hata kwa mkokoteni wa punda, na sijawahi kujuta kusimama.

Tulipokuwa tunakaza, nikafungua sanduku nikague. Kipo, kipo, kipo. Luhende akanyoosha mkono juu ya bega langu, akalichomoa pimamaji.

“Hili limetekwa.”

“Mzee!”

“Babu zenu walikuwa wanakaa njiani wanatutoza hongo ndipo tupite kwao. Leo unapita kwetu. Leta hongo, la sivyo silitoi.”

Dereva akapiga honi kwa furaha. Nilicheka, na kicheko changu kilikuwa cha kweli. Ilikuwa mara ya kwanza nijione nimepokelewa. Nilipanda nyuma, lori likaondoka, na pimamaji langu likasafiri kutwa nzima mbele, limelazwa juu ya kifuniko cha injini, kwenye joto lile na mtikisiko ule wa barabara ya Sikonge. Yeye hakuwaza. Mimi mwenye kuwaza kila kitu sikuwaza.

Tulipofika nilimkomboa mateka wangu kwa kipande cha papa mkavu ambacho mama alinifungia nyumbani. Luhende alikinusa, akakiweka mbali na uso wake.

“Mtani, huyu alikufa mwaka gani?”

“Usile basi.”

“Nitamla. Hongo hairudishwi.”

Akanipa pimamaji. Nikalifuta vumbi, nikalirudisha kwenye chumba chake kilichoandikwa PIMAMAJI, nikatia alama kwenye orodha: kipo.

Kesho yake asubuhi Luhende aliamka na homa, meno yanagongana. Lori lilikuwa linarudi mjini, ikabidi aondoke nalo. Kilindo chake alikipakata kama mtoto.

“Chumba kimoja tu, mtani. Utamaliza. Nesi yupo, mwenyekiti yupo, maji yapo kisimani. Usiwaze sana.”

Nesi aliitwa Rahel, mama Mmoraviani wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa. Alinionyesha chumba na kona yenye tundu la kutolea maji, karibu na mlango. Sakafu ilitakiwa iteremke kidogo kutoka ukuta wa dirisha hadi tundu lile. Mama akishajifungua, nesi amwage ndoo, damu na maji vitoke vyenyewe. Ndiyo maana ya kazi yote. Kung'aa kulikuwa nyongeza tu.

Mteremko tuliutafuta hivi: unaweka kijiti chembamba chini ya ncha ya ubao wa kunyooshea, upande wa tundu, unalaza pimamaji juu ya ubao. Kipovu kikikaa katikati, umepata. Nilifanya hivyo kila mstari, siku tano, peke yangu. Na kwa kuwa nilikuwa mtu wa utaratibu, kila mara nililaza pimamaji upande uleule, jina langu likinitazama. Laiti ningekuwa mzembe! Laiti ningeligeuza hata mara moja kwa kupitiwa, lingejisema lenyewe.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja kila jioni kutazama. “Kazi safi, fundi! Inang'aa kama sahani.” Jumamosi angekuja mgeni rasmi kufungua zahanati. Mbuzi walikuwa wameshachaguliwa.

Jumatatu, saruji ikiwa imeshashika, Nesi Rahel alimwaga ndoo ya kwanza. Alisimama mlangoni, mimi nikasimama nyuma yake. Maji yalitandaa, yakasitasita kama mgeni asiyejua nyumba, kisha yakageuka, yakaenda chini ya dirisha, mahali ambapo kitanda kingewekwa. Yakatulia pale.

“Fundi,” alisema taratibu, “haya maji yako yanaogopa mlango?”

“Saruji bado changa, dada. Ikikomaa yatapita.”

Nimeishi miaka mingi na nimesema uongo mwingi, lakini huo ndio wa kijinga kuliko wote. Saruji haina ukubwa wala utoto kuhusu maji. Rahel alinitazama kidogo.

“Sawa, fundi.”

Angenitukana ningelala.

Alipoondoka nililaza pimamaji sakafuni, nikatazama kipovu kilipokaa, nikachora mstari kwa penseli ubavuni mwake. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nitoke Tabora, nikaligeuza, kichwa kikawa mkiani, juu ya mstari uleule. Kipovu kikakimbia hadi ukingoni. Nikalitazama kwa karibu: plasta iliyoshika kile kichupa cha kioo ilikuwa na ufa mwembamba, upande mmoja umeinuka. Joto na mtikisiko. Nikakumbuka kifuniko cha injini.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, hata kama mengine mnayasoma huku mnatazama simu. Orodha yangu ilikuwa sahihi. Kila kifaa kilikuwepo. Nilikagua asubuhi na jioni kama kipo, sikuuliza hata siku moja kama kiko sawa. Mzigo ukifika, safari yake haijaisha mpaka kila kifaa kijaribiwe. Pimamaji ligeuzeni. Skwea ipimeni kona mbili. Ubao wa kunyooshea utazameni kwa jicho moja dhidi ya mwanga. Dakika tano tu. Mimi kuziruka kulinigharimu zaidi.

Nilikaa nikawaza, kazi ninayoiweza. Niliandika nyuma ya orodha yangu sababu za kuvunja sakafu na sababu za kuiacha. Za kuvunja zilikuwa nne. Za kuiacha zilikuwa kumi na moja. Ya saba, nakumbuka, ilisema huenda ardhi ikatitia upande wa mlango na mambo yakajinyoosha. Vigae vya akiba havikutosha. Hata nikiokoa vingine, ukanda mmoja chini ya dirisha ungebaki saruji tupu. Saruji yenyewe ilibaki kidogo. Na siku zile mtu aliyeharibu mali ya kijiji hakuitwa mzembe, aliitwa mhujumu, na neno hilo lilikuwa linamfuata mtu hadi kwao.

Zaidi ya yote alikuwepo Luhende. Wangeniuliza pimamaji limeharibikaje. Nikisema ukweli wote, jina la mzee aliyefundisha nusu ya mafundi wa mkoa ule lingeandikwa kwenye barua, tena kwa jambo la utani. Jambo la utani halishtakiwi. Lilikwisha siku ile kwa kipande cha papa, mwenyewe nilicheka. Sasa nirudi nidai?

Niliwaza hivyo Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Mchana nilijifanya napiga msasa kingo.

Niruke mbele kidogo, mniwie radhi. Miaka mingi baadaye, Luhende ameshastaafu, alikuja kwangu Tabora mjini kula chakula. Ukutani nilikuwa nimelitundika pimamaji lile. Alilitazama muda mrefu, akalitoa msumarini, akalilaza mezani, akaligeuza.

“Hili linasema uongo.”

“Najua, mzee.”

“Tangu lini?”

“Tangu safari ya mbele ya Ipole.”

Alimalizia ugali wake, akanawa, akaondoka bila kunitania hata neno moja, na hilo lilinitisha. Wiki iliyofuata mwanawe alileta kilindo, kimefungwa kwa namna yake, hakijafunguliwa. Mzee alisema niambiwe kwamba bado hakiazimwi, lakini hakusema hakitolewi. Ndicho nilichokitumia hadi magoti yalipokataa. Sasa kimehifadhi mtama, na sioni aibu.

Nirudi Alhamisi ile.

Mimba haisubiri mgeni rasmi. Alfajiri mama mmoja alikuwa ameletwa, akajifungulia kwenye chumba changu. Mimi nilifika jua limeshapanda. Mama na mtoto walikuwa wamehamishiwa chumba cha pili. Nilimsikia mtoto analia kwa hasira nzuri.

“Mwangaluka, fundi,” alinisalimia Rahel kwa salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, bila kuinua kichwa.

Alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha. Maji mekundu ya ndoo tatu yalikuwa yametuama pale, hayaendi popote, naye alikuwa anayasukuma kwa kitambaa, mikono miwili, kupandisha kuelekea mlangoni. Anasukuma, yanarudi. Anakamua, anasukuma tena. Alikuwa hajalala. Na alikuwa anafanya bila kulalamika, kama mtu aliyekwisha kukubali kwamba ndivyo atakavyofanya miaka yake yote iliyobaki.

Nilimtazama magoti. Sijui kwa nini magoti.

Nilitoka, nikafungua sanduku, nikachukua tindo na nyundo. Mwenyekiti alikuwa anavuka uwanja na watu wawili waliobeba kitambaa cha kufunikia meza ya mgeni. Aliniona, akaja mbio.

“Fundi! Nyundo ya nini tena? Kazi si imekwisha?”

“Haijaisha, mwenyekiti. Maji hayatoki. Navunja nusu ya chumba.”

“Unavunja? Jumamosi mgeni anakuja! Unajua hiyo inaitwaje? Ni hujuma!”

“Najua inavyoitwa.”

“Kwani imeharibikaje?”

“Pimamaji lilikuwa bovu. Lilipata joto na mtikisiko njiani.”

“Njiani?” Alinisogelea. “Nani alilibeba?”

Sababu zangu kumi na moja zote zilisimama mlangoni kunisubiri. Sikuzisalimia.

“Mimi,” nikasema. “Lina jina langu. Na nilipofika sikuligeuza.”

Rahel alinyanyuka polepole, akaondoa ndoo, akakunja kitambaa chake, akanipisha. Nikapiga magoti pale pale alipokuwa yeye, kwenye maji yale, nikaweka tindo kwenye kiungio cha vigae, nikapiga. Kigae kile nilikuwa nimekigandisha vizuri mno. Kilitaka mapigo matano.